Ukuta wa Rangi ya Gaju

Jumatatu, 5 Julai 1954

Nimetukanwa! Si mimi hasa, ni ukuta wangu. Lakini ukuta ni wangu, kwa hiyo ni mimi.

Shangazi Pulkeria alipita hapa akitoka sokoni Nyakakika. Hakuketi. Alisimama mlangoni, akaingiza kichwa, akakitoa, akakiingiza tena kama anachungulia mtungi wa pombe ya rubisi. Kisha akauliza kama kuna mtu ndani. Nilikuwa hatua mbili mbele yake! Nikasema shikamoo shangazi, akaruka.

Alisema kaka yake, Mzee Nuwagaba, ana binti mmoja tu, Kyomugisha, na binti huyo amekulia mbugani, mahali mtu anapowaona ng'ombe wake mpaka macho yachoke. Hawezi kuolewa ndani ya chungu kilichoungua. Atarudi Jumapili ya tarehe 18, baada ya misa. Akikuta nyumba ina nuru, mazungumzo ya ndoa yataendelea. Akikuta giza hili hili, nitafute mke miongoni mwa popo.

Miaka miwili namngoja Kyomugisha. Miaka miwili!

Na kwa nini kuta ni nyeusi? Mwaka jana mchwa walikuwa wanakula fito. Nikapaka oili chafu ya lori nyumba nzima. Mchwa walikufa. Hilo hakuna anayelisema. Watu wanasema tu kwamba moshi wa jiko ulinasa kwenye oili, na kwamba mbuzi wa Dada Kokwijuka alilala humu usiku mmoja akatoka anakohoa mpaka leo. Dada ana nyumba yake hapo ng'ambo ya migomba. Mbuzi wake ana nongwa kama yeye.

(Mchwa wameanza kurudi. Sijamwambia mtu.)

Jumanne, 6 Julai

Mbinu! Kwa nini nipake ukuta wakati naweza kuuficha?

Nimeazima mikeka sita ya kanisani, ile wanayokalia akina mama. Katekista alikuwa safarini, kwa hiyo niliiazima kimoyomoyo. Nikaitundika ukuta mzima. Nyumba ikang'aa kama siku ya Pasaka. Nikala ndizi zangu nikijitazama mikono. Sikujua kwamba nina kovu hapa kwenye kidole gumba.

Kufika jioni, madoa. Oili inapenya mikeka kidogo kidogo, kwa subira. Nimeitundua yote, nikaikunja upande mweusi ndani, nikairudisha. Hakuna atakayejua.

Alhamisi, 8 Julai

Nimekwenda misheni kuomba chokaa. Fundi aliuliza ukuta ukoje. Nikasema ni ukuta wa kawaida. Akanipa debe.

Nilipaka tangu asubuhi mpaka mchana. Chokaa na oili vikakutana, vikapigana. Rangi iliyotoka ni ya panya, tena panya mgonjwa.

Ijumaa, 9 Julai

Chokaa imeanza kuanguka. Imeingia kwenye maharage. Nimekula hivyo hivyo, maana sikuwa na jinsi.

Jumapili, 11 Julai

Siku mbaya ikageuka nzuri.

Ubaya: baada ya mahubiri akina mama waliinuka kwenye mikeka, na kila mmoja alikuwa na duara jeusi nyuma. Kanisa lote likanong'ona. Mimi nilitazama dari kwa ibada kubwa. Aliyefurahi ni Elpidius fundi cherehani, kwa sababu kabla hatujatoka uwanjani alikuwa amekwishapima magauni manne.

Huyu Elpidius namjua. Nyumba yake ni nyeupe ndani mithili ya ganda la yai. Anavaa suruali yenye mikunjo iliyonyooka hata siku za kulima. Na mwezi uliopita alimpelekea Mzee Nuwagaba shati, akasema ni la heshima tu. Heshima! Kwa mzee mwenye binti!

Uzuri: nilimvuta pembeni nikamwonea huruma. Nilimwambia siri. Shangazi Pulkeria alipoiona nyumba yangu aliingiza kichwa mara mbili. Kweli tupu! Nikasema watu wa ng'ombe, weupe wa ghafla huwatia hofu, kwa kuwa ngozi ya ng'ombe ikianza mabaka meupe huwa ni ugonjwa. Nikamwacha aunganishe mwenyewe. Akaunganisha. Akauliza kama nina oili iliyobaki.

Nimempa debe zima, bure. Sina choyo.

Jumanne, 13 Julai

Nilimkuta Kyomugisha kwenye birika, ananywesha ng'ombe. Nikamwuliza shangazi yake anapenda rangi gani. Akanishangaa. Kwao rangi haina jina peke yake, jina analo ng'ombe. Akanionyesha jike mmoja aliyesimama pembeni ya kundi, akasema: yule.

Jike huyo anaitwa Gaju. Ni wa rangi iliyo kati ya asali na samli, kama nyasi za mlimani wakati huu wa kiangazi. Kyomugisha alisema Gaju ni wa ukoo wa ng'ombe aliyemleta bibi yao siku ya ndoa yake, na shangazi akimtazama hutoa machozi hata leo. Tangu ndama wake afe mwezi wa tano, Gaju hali vizuri, hata chumvi ya birikani haitaki. Mzee Nuwagaba hulala anawaza.

Mimi nilikuwa nawaza ukuta. Rangi ya Gaju! Shangazi aingie, atoe machozi, aseme ndiyo.

Kyomugisha aliniambia nisifanye jambo kubwa. Alisema ukuta ukiwa safi tu unatosha. Ana moyo mzuri, lakini hajui mbinu.

Na Mungu hamtupi mja wake! Wakati wa kurudi nilipitia korongoni, nikaiona rangi yenyewe kwenye kingo. Udongo wa Gaju, kabisa! Kingo yote ilikuwa laini, imebonyea kama kwapa. Ndama wawili walikuwa wanailamba. Nikawafukuza. Walirudi. Nikawafukuza tena. Ng'ombe hulamba kila kitu. Mwaka juzi mmoja alinilamba shati mgongoni, na sikuacha kuvaa mashati.

Alhamisi, 15 Julai

Vikapu kumi na moja! Kichwani! Kutoka korongoni mpaka hapa, kilima kizima. Shingo imeingia mabegani.

Dada Kokwijuka alikuja kutazama. Alisema kwanza nikwangue oili kwa panga, nichanje ukuta, nikandike kinyesi cha ng'ombe na majani makavu yaliyokatwakatwa, ndipo udongo wa rangi uje juu. Nilikuwa nimekwishawaza hivyo hivyo, ila sikuwa nimefika kwenye kuwaza huko. Nimefanya. Umeshika!

Dada aliuliza udongo nimeutoa wapi. Nikasema siri ya kazi. Akachovya kidole, akakilamba, kama wanavyofanya wanawake wakipima udongo. Akanitazama. Akalamba tena. Akafungua mdomo kuniambia neno. Nikamwambia sihitaji ushauri wa mtu ambaye mbuzi wake anakohoa. Akafunga mdomo, akaenda zake, na nilimsikia anacheka mpaka mwisho wa migomba. Wivu ni kitu kibaya.

Jumamosi, 17 Julai

Ukuta umekauka. Mgumu kama mawe! Jua likiingia mlangoni, nyumba nzima inakuwa kama ndani ya kibuyu cha samli. Nimekaa saa nzima nautazama tu.

Lakini je, ndiyo rangi yenyewe? Kichwa cha mtu hudanganya. Fundi wa kweli hulinganisha. Elpidius mwenyewe hupeleka uzi dirishani, akauweka kando ya kitambaa.

Nikaenda kumwomba Kyomugisha aniletee Gaju.

Alikataa. Kisha alicheka. Kisha alikubali, maana baba yake alikuwa mnadani. Tulimwingiza Gaju polepole, pembe kwanza, nikamsimamisha ubavuni mwa ukuta.

Akapotea! Naapa! Zilibaki pembe, macho mawili na pua iliyolowa. Kyomugisha alicheka mpaka akaketi sakafuni. Sijawahi kumsikia akicheka ndani ya nyumba hii. Hakuna aliyewahi kucheka humu, isipokuwa kwa kunicheka mimi. Nilitaka kumwambia neno kubwa. Nilimwambia atazame pembe zisikwaruze.

Ndipo Gaju akaulamba ukuta. Mara moja. Mara mbili. Mara kumi. Nikasema hata ng'ombe mwenyewe ameikubali rangi. Kyomugisha aliacha kucheka. Alitazama ukuta, akamtazama ng'ombe, akauliza: "Gosbert, udongo huu umeutoa wapi?"

Siri ya kazi.

Kumtoa Gaju kulituchukua watu wawili, kamba moja na maganda ya mkungu mzima. Alikuwa anaangalia nyuma njia nzima. Kyomugisha alinisihi kesho nifunge mlango. Nifunge mlango! Nuru itaingilia wapi?

Nimeziba alipolamba. Kesho ndiyo kesho.

Jumapili, 18 Julai

Naandika nikiwa nje. Ndani na nje hakuna tofauti kubwa tena, lakini nje kuna kivuli.

Wacha nianze na mazuri. Shangazi Pulkeria alifika baada ya misa na Kyomugisha, shangazi amevaa nguo nyeupe za Jumapili na kitenge kipya. Nilimkaribisha kwenye kiti pekee. Nilimpa kahawa ya kutafuna kwenye kijaluba cha marehemu baba. Alitia punje moja mdomoni akautazama ukuta. Akasahau kutafuna.

Kisha machozi yakaanza kumshuka, moja upande huu, moja upande ule. Akasema ni Gaju. Akasema mama yake alikuja kwa mumewe nyuma ya ng'ombe wa rangi hii, na hakudhani ataiona tena kwenye nyumba ya mtu wa migomba. Alinigeukia. Akasema: "Basi, mwanangu..."

Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo! Neno la pili lilikuwa kwenye ulimi wake, nililiona kabisa, na hapo Gaju akaingia.

Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja mahali pake pa jana. Nikamwambia shangazi asijali, huyu tunafahamiana. Nyuma ya Gaju akaingia mwingine. Na mwingine. Kundi la Mzee Nuwagaba lilikuwa linapita kwenda majini, na Gaju alikuwa amewaambia. Sijui ng'ombe huambianaje, lakini waliambiana.

Nyumba yangu inatosha watu wanane wakikaa vizuri. Waliingia ng'ombe saba.

Sauti ya ndimi saba ukutani! Kama akina mama wanaosugua nguo mtoni siku moja kabla ya Krismasi. Udongo ukaisha, kinyesi kikaonekana, chini yake mabaki ya oili, meusi vile vile, na hapo wakahamia sehemu nyingine. Mimi nilikuwa kwenye kona nyuma ya makalio ya nani sijui. Shangazi alikuwa kitini katikati ya wawili, miguu juu, mate ya ng'ombe yanamshukia begani. Hakupiga kelele. Alikuwa anawaita mmoja mmoja kwa jina na kuwakaripia, kama mwalimu aliyeingiliwa darasani. Kyomugisha alikuwa mlangoni akivuta mkia.

Yule mkubwa wa rangi ya kahawia aliegemea ukuta wa mashariki apate kulamba juu. Fito zilikuwa zimeliwa na mchwa. Aliingia kwa mlango, akatoka kwa ukuta. Waliobaki wakamfuata, isipokuwa Gaju, na jua likaingia.

Kwenye tundu hilo ndipo alipochungulia Mzee Nuwagaba, fimbo mkononi.

Hakunisalimu. Aliuliza ni nani aliyechimba mahali pa chumvi ya ng'ombe kule korongoni. Tangu Alhamisi kundi linakataa malisho, linazunguka shimo na kulia, naye amekuwa akimtafuta mwizi huyo kutoka Kituntu mpaka Nyakatuntu. Nikasema kwamba udongo siku hizi unahama wenyewe kwa sababu ya upepo. Mzee akatazama ukuta. Akatazama vikapu kumi na moja vilivyopangwa kando ya mlango. Mimi ni mtu wa kupanga vitu vizuri, ndilo kosa langu.

Fimbo ilikuwa imeinuka wakati alipomwona Gaju. Gaju ambaye hakugusa chumvi tangu mwezi wa tano! Alikuwa amebaki peke yake ndani, amefumba macho, analamba, anameza, analamba. Mzee akashusha fimbo. Akasimama kwenye tundu la ukuta wangu, mzee mzima yule, akawa analiita jina la ng'ombe wake taratibu.

Shangazi Pulkeria alijifuta mate. Akamwambia kaka yake kwamba mimi ni mwizi. Akasema pia ni mjinga, tena mjinga wa kiwango ambacho hajakiona tangu azaliwe. Lakini mtu aliyepanda kilima mara kumi na moja na mzigo kichwani ili kutafuta machozi ya mwanamke mzee, huyo aulizwe binti mwenyewe.

Wote wakamgeukia Kyomugisha. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko zile ndimi.

Kyomugisha alisema atakubali, kwa sharti moja. Ukuta utajengwa upya, ataukandika yeye na Dada Kokwijuka, na mimi Gosbert nisiuguse mpaka siku ya ndoa. "Hata kwa kidole," alisema. Alirudia mara tatu, akinishika mkono kila mara.

Nimekubali. Ningekubali hata kukaa juu ya mti.

Jumatatu, 19 Julai

Mzee Nuwagaba aliniwekea sharti lake: vikapu kumi na moja virudi korongoni. Nimekwangua nyumba nzima. Vimepatikana saba. Vinne vimo ndani ya ng'ombe wake mwenyewe, na nilimweleza hivyo. Hakupenda hesabu yangu.

Elpidius amekuja, mweusi mpaka kwenye viwiko. Kumbe jana shangazi alipotoka hapa akiwa amelowa mate, aliingia kwake kuomba maji. Ndani hakuona kitu. Akapapasa ukuta atafute kiti. Akatoka na nguo nyeupe yenye mikono miwili myeusi kifuani, akasema kijiji hiki kina ugonjwa. Elpidius atashona nguo nyingine bure, na Mzee Nuwagaba amerudisha lile shati.

Aliniita majina ambayo siwezi kuyaandika, maana daftari hili lilikuwa la sala. Nilimjibu kwa upole kwamba mimi nilitoa oili tu, aliyepaka ni yeye. Aliniachia debe mlangoni, bado lina oili kidogo. Dada Kokwijuka alinishauri nikamsaidie kukwangua. Nitalifikiria.

Jumamosi, 24 Julai

Imekwisha!

Vijana wa Mzee Nuwagaba walisimamisha fito mpya Jumanne. Jana na leo Kyomugisha na Dada wamekandika: kinyesi na jivu, kisha udongo wa njano mpauko ambao Kyomugisha aliuleta kutoka Nyakatuntu. Kabla ya kuupaka alimwonjesha Gaju. Gaju akageuza kichwa. Ndipo wakapaka. Mimi nilikaa nje juu ya kinu, mikono chini ya mapaja, kama nilivyoagizwa.

Ni nyumba nyingine. Saa kumi na moja hii naona mpaka pembeni kabisa, naona kijaluba cha baba, naona mahali Kyomugisha alipoketi akicheka. Ndoa ni tarehe 14 Agosti. Kazi yangu yote, tangu leo mpaka siku hiyo, ni kutofanya kitu. Nina furaha. Naandika waziwazi: nina furaha kuliko mtu yeyote Karagwe.

Wameniacha na chungu cha udongo uliobaki, Kyomugisha atautumia kuzibia nyufa mwenyewe wiki ijayo. Amekifunika kwa jani la mgomba na kulifunga kwa kamba.

Jumapili, 25 Julai

Nimeketi tangu misa. Sijagusa kitu.

Ila nimetazama. Kutazama hakukatazwa. Na mwanga wa asubuhi ukiingia, pale karibu na mlango, rangi si ya Gaju hasa. Imepauka kidogo. Ni ya ndama wa Gaju, tuseme. Shangazi Pulkeria ana macho makali, na siku ya ndoa atasimama pale pale.

Nimefungua kamba ya chungu kuona tu. Udongo ni mzuri. Unachohitaji ni wekundu kidogo na kung'aa. Asali! Vibuyu viwili vya asali ya mlimani, na tone la ile oili aliyorudisha Elpidius, ili mchwa wasirudi. Chumvi hakuna hata chembe. Makosa ya mwanzo nimeyaelewa vizuri.

Ahadi naiheshimu. Alisema nisiuguse hata kwa kidole. Nitatumia ufagio.

Nimemtuma mtu Nyakatuntu, asali inafika kesho. Mlango nitauacha wazi ili ikauke haraka. Ng'ombe hawali asali, nimeuliza. Na nyuki, kwa kadiri ninavyojua, hawana kawaida ya kulamba kuta.